Aliyeagwa Haulizwi

Mimi simwamini mtu asiyetaka hela. Nalisema mapema, msije mkadhani nilidanganyika tangu mwanzo. Mtu akija Berea, mtaa wetu hapa Johannesburg, akaomba hela ya viza, hela ya tiketi, hela ya chai ya bwana mkubwa wa ofisini, namjua: ni mwizi, na mwizi ana dawa yake. Lakini yule bwana alikuja chumbani kwetu, akavua viatu mlangoni, akakaa mkekani akakunja miguu vizuri kabisa, akasema hataki hata senti moja. Mwili wote ukanisisimka.

Alikuja kwa ajili ya mdogo wangu, kitinda mimba wa mama yetu. Tulikuwa tunaishi wawili katika chumba kimoja cha ghorofa kuukuu, juu, na lifti ilikuwa imekufa tangu kabla sijahamia. Alfajiri nilikwenda Newtown kuuza chai na vitumbua kwa madereva wa teksi, naye alinisaidia, ila mikono yake haikuwa ya biashara. Mikono yake ilikuwa ya wazee. Kule Tanga ndiye aliyemuuguza bibi yetu mpaka akakata roho. Alimwogesha, akamgeuza, akamlisha uji. Bibi alikuwa na mdomo, Mungu amrehemu, alimtukana mpaka siku ya mwisho, na mtoto yule anacheka tu. Mimi ningeshamtilia chumvi kwenye uji.

Kwa hiyo yule bwana alipoanza kusema, niliona macho ya mdogo wangu yanavyofunguka. Alikuwa mtu wa pwani kama sisi, sauti ya taratibu, kila sentensi na inshallah yake. Alisema Uingereza kuna nyumba za wazee na hakuna wa kuwatunza. Nyumba ikimtaka mfanyakazi inamdhamini: inamwombea kibali, inamkatia tiketi, inampa chumba. Ila kibali hicho kimefungwa kwenye nyumba ile ile. Ukiiacha nyumba, kibali kimekufa, na wewe ni mgeni usiye na mwenyewe.

"Ndiyo maana hawatafuti mtu wa kazi tu," akasema. "Wanatafuta mtu wa kukaa."

Nikamuuliza, "Na wewe baba, unapata nini hapo katikati?"

"Thawabu, dada yangu."

Nilicheka mpaka jirani akagonga ukuta. Alipoondoka nikamwambia mdogo wangu, rahisi ghali. Akasema, "Dada, kwako wewe kila mtu mwizi." Nikamwambia siyo kila mtu, wengine hawajapata nafasi. Akanirushia kanga usoni, tukacheka wote, na nikaona yaishe.

Hayakuisha. Kila Jumapili alikwenda kwenye somo la yule bwana, chumba cha jengo la mtaa wa pili, wanawake kadhaa wa Kitanzania, Wakongo na Warundi, wanafundishwa kumgeuza mgonjwa na kumvalisha nepi mtu mzima. Mdogo wangu alirudi na kiburi kidogo, kwamba yeye hayo aliyajua tangu zamani. Sharti la bwana lilikuwa moja tu: kimya. Safari ni siri mpaka unakanyaga ngazi ya ndege.

Hilo hakuwa na haja ya kutufundisha. Kwetu mtu hatangazi safari. Macho ya watu yana sumu, na jambo likitajwa mapema huharibika. Unakaa nalo kifuani hadi siku moja kabla, ndipo unawaita watu waje kukuaga. Na kuagwa si mchezo. Wanawake wanajaa, ubani unafukizwa, dua inasomwa, pilau inaliwa. Msafiri anazunguka kwa kila mmoja, anamshika mkono, anasema nisamehe nilikokukosea, naye anajibiwa nimekusamehe, nawe unisamehe. Ukishamaliza hapo umetoka. Huwezi kurudi kesho yake kuazima kitunguu.

Tulikuwa na mfano mle mle jengoni. Bwana mmoja wa Dar aliagwa kwenda Kanada, akalia, tukalia, uwanja wa ndege wakamrudisha. Alipopandisha ngazi na sanduku lake watoto wakaanza kumwita Kanada. Akienda spaza, duka la mtaani, kununua mkate, Kanada. Akitoka msikitini, Kanada. Hata watu wazima wakawa wanamwita hivyo, kwa heshima kabisa, Bwana Kanada hujambo. Mwishowe akahama mji, na hakumuaga mtu.

Basi siku hiyo nimerudi kutoka Newtown, bado nina unga mikononi, simu ikalia. Safari kesho. Mdogo wangu akaruka kitandani kama mtoto. Nikakimbia kununua mchele na nyama, majirani wakaleta masufuria, na bi mkubwa mmoja wa Kiunguja wa ghorofa ya chini, ambaye sote tunamheshimu, akapanda ngazi zote zile na magoti yake mabovu kuja kusoma dua. Mama yetu alikuwa kwenye simu kutoka Tanga, tumemweka sauti kubwa katikati ya mkeka. Analia kwa furaha. Nyuma yake tunasikia majirani zake nao, wamejaa uani.

Mdogo wangu alinifikia mimi mwisho. "Dada, nisamehe nilikokukosea." Nilitaka kumtania, nikaacha. Nikamwambia nimekusamehe, nawe unisamehe. Alikuwa amejipaka udi, na mikono yake ilikuwa ya baridi.

Kesho yake bwana alikuja na gari. Akatuomba mtu yeyote asiende uwanja wa ndege. "Wasindikizaji huleta machozi," akasema, "na machozi huleta maswali." Nikasema mimi ndiye dada yake, nitakwenda. Akanitazama bila hasira yoyote. "Dada, ukija wewe, na ndugu wa wenzake watataka kuja." Mdogo wangu akanibana mkono, maana yake usiniharibie. Nikabaki barabarani. Wanawake walipiga vigelegele kutoka vibarazani juu, gari likapita roboti ya kwanza, taa za barabarani, likakunja.

Jioni ukaja ujumbe kwamba wanapanda ndege. Kisha kimya. Kisha ujumbe kwamba amefika salama, kuna baridi, atapiga akipata nafasi. Mama alichinja mbuzi. Tanga nzima ilijua, na mtaani wakaanza kumwita Mama Ulaya, harusini akawa anakalishwa mbele na wenye majina.

Mdogo wangu akapiga asubuhi moja, bila picha, sauti tupu. Anasema kazi nzuri, wazee wazuri, chakula ndicho hakina chumvi. Mimi nasikiliza huku nakanda unga. Mara nyuma yake nikasikia ndege. Wanaoishi Johannesburg wanawajua: wale wa kijivu wenye mdomo mrefu, hadida, wanaotembea kwenye majani ya matajiri na kupiga kelele asubuhi kana kwamba wanachinjwa. Hawana mfano. Walipiga mara moja, wakapiga tena.

Nikamwambia, "Hao ndege nao wamepewa viza?"

Akaanza tena habari ya chumvi.

"Nakuuliza wewe. Hadida wa Uingereza hao?"

Akaanza kulia. Akaniapisha kwa jina la bibi yetu nisimwambie mtu, ndipo akasema: "Dada, niko Randburg."

Sikwenda kuuza siku hiyo. Nilipanda teksi kwenda Randburg, kitongoji cha hapa hapa Johannesburg, nikashuka penye maduka, nikapita roboti mbili, nikaingia mtaa wenye miti mikubwa na kuta ndefu. Njiani nilikuwa najipanga. Nilijua nitakuta kufuli, nitakuta mlinzi, nitakuta mbwa, na nilikuwa na maneno kwa kila mmoja wao, hata mbwa. Nikabonyeza kengele. Mlango mdogo wa geti ukafunguliwa, na aliyeufungua ni mdogo wangu mwenyewe, amevaa aproni.

Hakukuwa na kufuli. Hakukuwa na mlinzi. Alikuwa na ufunguo wake mfukoni. Hapo ndipo niliogopa kweli, maana kufuli ningelivunja.

Ndani kulinuka dawa ya kusafishia na kabichi la kuchemsha. Wazee walikuwa wamekaa kwenye viti kuzunguka televisheni, Wazungu wote, wembamba, vichwa vyeupe, kila mmoja na blanketi mapajani na jua linawaka nje. Watoto wao wamehamia Ulaya na Australia, wanatuma hela ya matunzo. Mzee mmoja wa karibu na dirisha alimwita mdogo wangu kwa jina la binti yake, naye akaitika bila kusita, akaenda kumfuta mate.

Alikuwepo na mwenzake mle, Mrundi, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya chini. Alinipa kiti jikoni, akanimiminia chai. Nikamuuliza yeye anasubiri tangu lini.

"Bon," akasema kwa Kifaransa chake, "nilifika nikiwa mnene." Akacheka peke yake. "Mimi nami waliniaga, mama. Kanisani. Mchungaji aliniwekea mikono kichwani mbele ya watu wote. Watoto wangu wako kambi ya wakimbizi na dada yangu, wanajua niko kule Ulaya."

"Na mshahara?"

"Haya ni mafunzo. Mafunzo hayana mshahara. Yanaisha viza ikifika."

"Viza inafika lini?"

"Wiki ijayo," wakasema yeye na mdogo wangu, aliyekuwa amerudi, kwa pamoja, na hawakuona kama limewatoka pamoja.

Mlangoni, kwenye msumari, lilining'inia koti zito la baridi, la rangi ya kahawia, lenye manyoya shingoni. Nikauliza la nani. La kila mtu, wakasema. Bwana huja na simu yake, wanalivaa kwa zamu, wanasimama kwenye ukuta mweupe wa nyuma, anawapiga picha, anazituma kwao. Mdogo wangu alipigwa yake mwezi wa Desemba, jua la Johannesburg kichwani, Mrundi anamfuta jasho na kitambaa kati ya picha moja na nyingine. Picha hiyo nilikuwa nimeiona. Mama alinitumia, na akaandika chini: mwenzio anapendeza.

Nikasimama. "Chukua nguo zako. Twende."

"Niende wapi, dada?"

"Nyumbani! Berea!"

"Niliagwa."

"Uliagwa ndiyo nini? Waliokuaga ndio watakaokuosha ukifa hapa?"

"Kanada umemsahau?" akaniuliza. "Mimi siogopi kuitwa Ulaya ngazini. Mimi namwogopa mama. Mama amekula mbuzi na watu. Utamwambia nini? Kwamba yule mliyemwombea dua anafua mashuka hapo kwa jirani?" Akapunguza sauti, mzee asistuke. "Na bwana anasema nikitoka sasa, nyumba ya kule inakataa wote. Huyu mama na watoto wake. Wiki ijayo, dada. Tumeshakaa kote huku, tushindwe wiki moja?"

Nilimtukana. Nilimwita mjinga, nilimwita kichwa cha samaki, nikalia. Alinisindikiza mpaka getini, akanifungulia, akasimama upande wa ndani wa ule mlango ulio wazi. Mguu hakuutoa. Nenda, mtu wa Berea asije akakuona hapa, alisema, na akafunga.

Ngazini kwetu waliniuliza kila siku. "Mdogo wako hajambo huko?" Nikajibu hajambo. Nilikuwa nimeapishwa kwa marehemu. Lakini yule bwana nikikutana naye barabarani nilimtolea macho, naye alinisalimia vizuri, shikamoo kwanza, ingawa tunakaribiana umri. "Dada, subira huvuta heri." Alijua kwamba najua. Hilo halikumtia wasiwasi hata chembe, na mimi ndilo lililokuwa likininyima usingizi.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Nikaona heri nivunje kiapo, bibi atanisamehe, nikampigia mama. Nikamweleza polepole kutoka mwanzo mpaka mwisho, ndege, geti, koti, Mrundi. Mama alinisikiliza mpaka nikamaliza.

"Umemaliza?" akasema. "Mwanangu, kijicho kitakuua."

"Mama!"

"Mwenzio namwona kwa macho yangu, amevaa koti. Wewe unaniambia kafungiwa. Kafungiwa na nani? Mlango si unasema uko wazi?" Akaendelea. "Wewe uliondoka hapa kwenye lori kama mwizi, hukutaka kuagwa na mtu, na mpaka leo unakaanga vitumbua. Mwenzio katoka kwa dua. Mwache."

Nilikaa kwenye ngazi nikalia kwa sauti, watu wananipita na ndoo zao. Kweli niliondoka kwenye lori. Nilikuwa na haraka, na nilidhani mama alishanisamehe zamani.

Machozi yalipokauka nikatafuta njia nyingine. Kama hawezi kutoka kurudi Berea, atoke aende pasipojulikana. Nikapata chumba upande wa kusini wa mji, kwa mama mmoja wa Kimalawi asiyejua mtu wetu hata mmoja. Nikarudi Randburg na habari hiyo. Nikamwambia mdogo wangu: watu waache wajue uko Ulaya, mpaka Kiama wakitaka, ila utalala kwa uhuru wako, na ukifanya kazi utaona faida yake. Mama atapigiwa simu kutoka huko huko.

Kwa mara ya kwanza tangu aondoke alicheka kicheko chake cha zamani. "Nitamwambia theluji imenifika magotini," akasema. Mrundi naye alicheka, akauliza kama chumba kina nafasi ya godoro la pili. Nikasema hata la tatu.

Ila mdogo wangu akatazama dirishani, kwa yule mzee. Mzee alikuwa hali chakula tena. Alikuwa amelala na mdomo wazi, pumzi inakwama, na kila akizinduka anamwita yule binti yake.

"Nikishamfumba macho huyu, natoka," akasema.

"Mzee wa watu huyo! Ana watoto wake!"

"Wako Ulaya, dada," akanijibu, na hakuwa anatania.

Ningemburuta. Nina nguvu kuliko yeye. Lakini nilimwona anavyomgeuza yule mzee, mkono mmoja begani, mmoja nyongani, kama alivyokuwa akimgeuza bibi, na sikuweza. Tukakubaliana Jumamosi. Nikanunua godoro, nikalipeleka kusini, nikatandika.

Jumamosi nilibonyeza kengele, hakuna aliyekuja. Nikausukuma mlango mdogo wa geti, ukafunguka wenyewe. Viti vilikuwa mahali pake, televisheni ipo, watu hawapo. Vitanda vilikuwa magodoro matupu. Jikoni sufuria limeoshwa na kufudikizwa. Nilizunguka vyumba vyote nikimwita, nikatoka nyuma nikamwita, hadida wakaruka kutoka kwenye majani na kelele zao. Mtunza bustani wa nyumba ya pili akachungulia. Akasema mzee mmoja alifariki, gari la maiti likaja, na kesho yake likaja gari kubwa likachukua wote, wazee na wale akina mama wawili. Nikamuuliza wale akina mama walikuwa wanalia? Akafikiri. Akasema hapana, walikuwa wamewashika wazee mikono, wanawapandisha.

Niliporudi ndani niliangalia msumarini. Koti halikuwepo.

Simu yake ilizimwa siku hiyo, na mpaka ninapoandika haya sijamtia machoni tena.

Polisi nilikwenda. Kijana wa mezani alinisikiliza kwa adabu zaidi ya nilivyotegemea. Akataka ndugu mwingine athibitishe. Sikuwa na mwingine ila mama. Nikapiga, nikaweka sauti kubwa, nikamtafsiria: wanauliza mwanao yuko wapi. Na mama yangu, kwa sauti yake ile ya Mama Ulaya, akasema yuko Uingereza, UK, hajambo, jana tu ametuma picha. Hata Kiswahili kilikuwa hakihitajiki kulijua neno UK. Yule kijana akafunga kalamu. "Eish, mama," akaniambia, "ndugu yako yuko pazuri kuliko sisi."

Picha yenyewe mama alinitumia. Koti lile lile. Ukuta si ule, ni wa matofali mekundu. Uso umekonda, na amesimama ameinua kidevu kidogo, kama aliyeambiwa ainue.

Nikamsubiri yule bwana nje ya msikiti Ijumaa, nikamshika kanzu mbele ya watu. Yuko wapi mdogo wangu? Hakujaribu kujinasua. "Dada, amesafiri. Ile wiki tuliyokuwa tukiiomba imefika." Nikasema muongo, kwa nini hakunipigia, kwa nini hakuniaga? Akatazama waliotuzunguka, akatabasamu kwa huruma. "Mtu anaagwa mara ngapi?" Wanaume wakacheka. Mmoja akanitoa vidole kwenye kanzu, taratibu, akiniambia dada yetu mshukuru Mungu, wenzako wanaililia bahati hiyo. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Hiyo si hapa, hapa ni ndefu na ina watu wa kuifagia.

Niligonga milango. Nikawaambia wanawake waliokula pilau yangu. Walinikalisha, wakanipa maji, wakanisikiliza, na wote wakaishia pale pale: si tulimuaga sisi wenyewe? Bi mkubwa wa Kiunguja alinisomea kichwani, akaniambia nina upweke.

Baadaye kidogo nikasikia masufuria ngazini. Kuna binti mmoja wa Dar, msusi wa saluni ya chini, safari yake kesho. Wazee, Uingereza. Sikualikwa, ila nilipanda. Chumba kimejaa, ubani umetanda, binti amekaa katikati na kanga mpya, anang'aa. Simu ya mama yake iko mkekani, sauti kubwa. Aliponiona akanyanyuka kwa furaha, akanishika mikono miwili.

"Dada, nilikuwa nakutafuta! Una mzigo wowote nimpelekee mdogo wako? Hata kanga. Nikifika tu, namtafuta yeye kwanza."

Nikamwambia mbele ya wote. "Mwanangu, mdogo wangu hayuko Ulaya. Hakuwahi kupanda ndege. Alikuwa Randburg anafua mashuka, na sasa sijui aliko. Usiende."

Kisha ile simu ya mkekani, mama wa watu kutoka Dar, ikasema, "Nani huyo? Nani huyo anayemtia mwanangu mkosi?" Bi mkubwa akakichukua chetezo, akakiweka kati yangu na yule binti, moshi ukapanda usoni kwangu, akaanza kusoma dua ya kumkinga na hasidi. Wote wakaitikia. Binti akaachia mikono yangu akaifuta kwenye kanga.

Kesho yake gari likaja. Niliteremka ngazi zote mbele yao, nikasimama kwenye mlango wa gari. Yule bwana akashuka, akanijia, na nilidhani sasa atanisukuma, na nilitaka anisukume ili watu waone. Hakunisukuma. Alifungua mlango wa nyuma.

"Dada," akasema taratibu, "nafasi moja ipo. Kama unataka kumfuata mdogo wako, karibu."

Nilimtazama. Nikamtazama yule binti, na sanduku lake jipya, na marashi yake. Gari lile lilijua njia ya kwenda kwa mdogo wangu, na katika mji mzima hapakuwa na kitu kingine kilichoijua. Nikaingia nikakaa. Binti akaingia upande wa pili, akasogea mbali nami. Mlango ukafungwa taratibu, bila kufuli.

Juu vibarazani wanawake walishangaa kidogo, kisha mmoja akaelewa kwa namna yake, akapaza sauti, "Kumbe naye! Ndiyo maana alikuwa anaona wivu!" Wakacheka, wakafurahi, wakanisamehe pale pale, na vigelegele vikaanza, virefu, vya watu wawili. Bi mkubwa alinipungia kitambaa. Nikabonyeza kioo kishuke nipige kelele, kioo hakikushuka, na gari likaanza kwenda, na wao wanazidi kunipungia kwa mapenzi, na hakuna hata mmoja wao atakayeniuliza tena.